Amana Mkononi mwa Muuguzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha na dawa yake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Isha tulipokea barua ya binti mmoja wa mji wetu. Binti huyo ni muuguzi. Alimaliza chuo, akafanya kazi miaka kadhaa, kisha akarudi kusoma tena mpaka akahitimu fani ya kuwauguza wagonjwa mahututi, wale wanaovutishwa pumzi kwa mashine. Barua yake si ya kujifakhirisha. Asema kuwa kila elimu yake ilivyozidi ndivyo usingizi wake ulivyopungua, na atuuliza masuali manne. Barua iliposomwa, baadhi ya wazee waliinamisha vichwa, kwani katika kila suali tulijiona sisi wenyewe. Kwa hivyo twaijibu hapa, ili asome yeye, na tusome sisi pia.

Kabla ya majibu, natujue cheo cha kazi hii. Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa uuguzi ni kazi tuliyoletewa na Wazungu. Mtu huyo naasome sira. Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliamrisha awekwe katika hema ya Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, hema iliyokuwa msikitini Madina, apate kumzuru kwa karibu. Na Bibi Umm Atiyya alitoka na Mtume katika safari saba za vita, akiwapikia watu, akiwatibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Bibi Florence Nightingale wa Uingereza alipofungua chuo chake cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, alifanya jambo jema, nasi hatuikatai fadhila yake. Lakini hema ya Rufaida ilikuwa imekwisha simama zaidi ya miaka 1200 kabla yake. Basi binti yetu hakutoka katika dini alipoingia hospitali. Aliifuata njia iliyopitwa na wabora wa umma huu.

Suali lake la kwanza ni la siri. Shangazi yake alimjia nyumbani na sahani ya halua, akamwuliza khabari ya msichana fulani aliyelazwa hospitalini, ambaye mwana wa shangazi ataka kumposa. Je, ana maradhi gani? Muuguzi alipokataa kusema, shangazi aliondoka na hasira, na tangu siku ile hamwiti ila "yule mwenye kiburi".

Twasema: binti amefanya haki, na shangazi amekosa. Mgonjwa hulala kitandani hana sitara ila ile aliyopewa na mwenye kumtibu. Ayaonayo muuguzi si mali yake, awezaje basi kuyatoa zawadi kwa jamaa? Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei, wanazuoni walikata shauri kuwa siri ya mgonjwa ni amana kwa mwenye kumtibu, na kuifichua pasi na sababu ya kisharia ni khiyana. Waliacha mlango mwembamba tu: pale ambapo kuificha kwaleta madhara makubwa kuliko kuitoa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo yafuata njia iyo hiyo. Siri haitolewi ila kwa idhini ya mwenyewe, au kwa amri ya mahakama, au ikiwa kunyamaza kwahatarisha afya ya umma. Na mlango huo, hata unapofunguka, hufunguliwa kwa utaratibu na kwa watu wanaohusika, wala haufunguliwi barazani juu ya sahani ya halua. Mwenye kutaka kujua hali ya mchumba na amwambie kijana wake waende wote wawili wakapimwe, kila mmoja asikie khabari yake kwa khiari yake.

Suali la pili ni la sindano. Majirani hubisha hodi usiku, hii mtoto ana homa, hii mzee ana kikohozi, na mkononi wana chupa ya dawa waliyonunua wenyewe. Wasema, "Wewe ni mkubwa wa wauguzi, huwezi kutudunga sindano moja tu?" Akikataa huambiwa kuwa elimu imemtoa utu.

Hapa pana maneno ya Mtume (S.A.W.) waliyoyapokea Abu Daud na wenzake, na maana yake ni kuwa mtu atibuye watu hali hakujulikana kwa ujuzi wa tiba, basi dhamana ya madhara ni juu yake. Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, aliyafafanua maneno hayo katika kitabu chake Zad al-Maad. Alimtofautisha mjuzi aliyeitimiza kazi kama ipasavyo na akapewa idhini, ambaye hana lawama madhara yakitokea. Na mjinga aliyejitia ujuzi. Na mjuzi ambaye mkono wake umekosea. Na mjuzi aliyetibu bila ya idhini. Tukiyatazama maneno yake twaona kuwa tiba ya halali yasimama juu ya nguzo mbili, ujuzi na ruhusa, na nguzo moja haishiki paa peke yake.

Sasa itazameni ile sindano ya mlangoni. Dawa kama penisilini, iliyowaponya watu wasiohesabika, pengine mwili wa mtu huikataa. Katika dakika chache koo hufura, pumzi hubana, shindikizo la damu huanguka, na mtu huweza kufa. Hospitalini, mgonjwa huulizwa kwanza kama dawa hiyo ilipata kumdhuru, na dawa ya kumwokoa, adrenalini, huwa karibu. Mlangoni pako ina nini, ndugu yangu, ila taa na mkeka? Basi kukataa kwa muuguzi ndiko utu wenyewe.

Tena ajue, na tujue sote, kuwa ujuzi wa juu katika fani moja si ruhusa katika fani zote. Aliyesomea mashine za kuvutisha pumzi hakuwa kwa hilo mtoaji wa dawa za usingizi, na aliyesomea kusafisha damu ya wenye maradhi ya figo hakuwa mkunga bingwa. Sheria ya Kenya, Sura ya 257, imeweka Baraza la Wauguzi ambalo humsajili muuguzi na kumpa leseni, na laweza kumwondoa katika daftari lake akivuka mpaka. Mpaka huo umewekwa kwa ajili ya mgonjwa. Lakini ikiwa ni dharura, mtu avuja damu au pumzi zamkatika, hapo asijifiche nyuma ya leseni. Naabane jeraha, na afanye alijualo, huku watu wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na dini yetu ilikuwa imekwisha kusema kuwa kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote.

Suali la tatu ni la idhini. Asema mara nyingi mgonjwa ni mwanamke mzima, mwenye akili zake, lakini jamaa humzunguka wakamjibia kila kitu. Pengine huambiwa, "Mngoje ami yake atoke safari," na saa zapita, na maradhi hayangoji ami.

Twasema: kushauriana na jamaa ni jambo zuri, na mume na wazee wana heshima yao. Lakini mwili ni amana ya mwenyewe mbele ya Mola wake, na idhini ni yake. Wanazuoni wa Baraza lile la Fiqhi, katika kikao chao cha Jeddah mwaka 1992, waliamua kuwa mgonjwa aliyekamilika akili na umri ndiye wa kuombwa idhini; na ikiwa hali ni ya kuhatarisha uhai na hawezi kusema, matibabu hayangoji idhini. Hata walii wa mtoto, akizuia dawa kwa namna ya kumdhuru mtoto wake, uzuiaji wake hausikizwi. Na sheria ile ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, na tiba zilizopo, na faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa, kwa lugha aifahamuyo kila inapowezekana. Basi muuguzi asimwekee mama mtu mzima karatasi ya Kiingereza akamwambia, "Tia sahihi hapa." Naakae kitako, amweleze kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama ikiwa ndiyo lugha yake, kisha amwulize amefahamu nini. Sahihi bila ya kufahamu ni wino tu.

Suali la nne ndilo lililotunyamazisha. Aeleza kuwa usiku mmoja aliona amri ya dawa ya mtoto mchanga, iliyoandikwa na mkubwa wake, na kipimo kikampitia machoni kuwa si sawa. Nukta ya desimali ilikuwa imepotea, na kipimo kimekuwa mara kumi. Alimpigia simu mkubwa wake, naye akamkemea: yeye ni muuguzi tu, atie dawa. Hakutia. Aliuliza tena, akampigia mkubwa mwengine, mpaka amri ikatazamwa upya na ikasahihishwa. Mtoto alikwenda nyumbani na mamake. Lakini yeye tangu siku ile ana jina kazini, aitwa mjuaji. Atuuliza: je, alivunja adabu?

Ndugu zetu, kila mmoja wetu aliyepita chuoni aijua nukta. Mwalimu alitufunza kuwa katikati ya neno, nukta ikiwa chini ni ba, ikiwa juu ni nun, na maana ya neno yote hugeuka. Tulipokosea tulirudishwa tukasoma tena, wala hakufa mtu. Nukta ya binti huyu ilikuwa na roho ya mtoto chini yake.

Twamjibu: hukuvunja adabu. Utiifu kwa mkubwa una mpaka, na mpaka wake ni pale unapoingia katika kumwasi Muumba. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililotoa kanuni zake za maadili kwa mara ya kwanza mwaka 1953, nalo lamtaka muuguzi achukue hatua ya kumkinga mgonjwa pale afya yake inapohatarishwa na mwenziwe wa kazi au mtu yeyote. Na tazama ulivyofanya: hukumtukana mkubwa wako, wala hukutangaza aibu yake, uliuliza, ukarudia, ukapeleka jambo kwa aliye juu. Hiyo ndiyo nasiha. Twaongeza neno moja, nalo ni zito. Iko siku ambayo mwenye kukosea atakuwa wewe, kwani mkono wa binadamu hukosea. Siku hiyo usifute maandishi, wala usingoje giza. Mwangalie mgonjwa kwanza, kisha sema, andika, na jamaa zake waelezwe kwa njia iliyowekwa. Kosa la mkono lina msamaha na lina dhamana yake inayojulikana. Kulificha ni kosa jipya, na hilo ni la moyo.

Tumemaliza masuali yake. Sasa, ndugu zetu, liko suali ambalo hakuliuliza, nasi twajiuliza wenyewe. Mwanamume wa mji huu akimpeleka mkewe hospitali hutaka ahudumiwe na mwanamke, na ikiwezekana Mwislamu. Ni matakwa mema. Lakini bwana huyo huyo, binti yake akisema ataka kusoma uuguzi, humkataza, kwa kuwa ni kazi ya usiku na ya kugusa wagonjwa. Basi huyo muuguzi amtakaye atazaliwa na nani? Elimu ya tiba ni fardhi kifaya. Isiposimamiwa na wa kutosha, dhambi yatuenea sote. Na akiisha kusoma mmoja wetu, twambishia hodi usiku kumtaka avunje sheria, twamwendea na halua kumtaka avunje siri, twamwita mjuaji kwa kumwokoa mtoto. Twamlilia amana, na sisi ndio wa kwanza kumvutia katika khiyana!

Yatupasa tubadilike. Tuwasomeshe mabinti na wavulana wetu kazi hii mpaka daraja zake za juu. Tuwaache wanaposema, "Hilo si ruhusa yangu," tujue kuwa wamesema neno la kiungwana. Na yule shangazi, tunayemjua kuwa ni mtu wa kheri, naarudi kwa binti ya nduguye bila ya sahani mkononi, amwombe radhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, aithibitishe mikono ya wanaowauguza, azisitiri aibu zetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wazichungao amana zao. Amin.