Maji ya Ukoka

Katika miezi ya kaskazi, vuli ikiisha kukatika na masika hayajaanguka bado, ardhi ya Tanga hufanya nyufa, na majani yasiyo na mtu wa kuyanywesha hugeuka rangi ya mchanga; walakini apitaye Raskazone, ambako watawala wa Kizungu walijijengea majumba yenye nyua pana kando ya bahari, ataona nyuma ya seng'enge viwanja vya ukoka vilivyo kijani kibichi, kana kwamba amri ya jua haikuvifikia. Mpira wa maji umelazwa humo tangu adhuhuri, na nje ya lango hilo hilo pengine yupita mtu asukumaye mkokoteni wa madumu. Swali linalonishughulisha ni la mwanazuoni kuliko la mtunza bustani: je, maji yaliyomwagwa ili jicho lifurahi yamehesabiwa kuwa yametumika, au ni israfu?

Wapendao kuharamisha upesi yafaa wakumbushwe kwamba uzuri si dhambi, na kwamba Pepo yenyewe tumeahidiwa kwa sifa ya mabustani yapitiwayo na mito. Mtu ambaye jioni wajukuu zake huchezea ukokani, na jirani akija hutandikiwa jamvi hapo wakazungumza mpaka magharibi, hana kosa la kukipenda kijani. Jicho nalo lina haki yake. Lililobaki kuulizwa ni nani ailipaye haki hiyo.

Imepokewa katika Hadithi kwamba watu wameshirikishwa katika mambo matatu, nayo ni maji, malisho na moto. Na yamepokewa pia makatazo ya kuyazuia maji ya ziada ili kwa hila hiyo yazuiliwe malisho yaliyo kando yake. Wafugaji wa jangwani, ambao makatazo hayo yaliwahusu, walijua choyo cha mtu akaliaye kisima. Lakini sidhani kama iliwapitia akilini kwamba atatokea mtu wa kuchukua maji ya shirika akaoteshea malisho yasiyoliwa na mnyama yeyote, kisha akayazungushia seng'enge, na mbuzi akiingia afukuzwe kwa mawe. (Na mbuzi wa Tanga, kama wenyeji wajuavyo, si mnyama wa kufukuzwa mara moja.)

Tena si maji kidogo. Lita moja ikienea katika mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja. Basi kiwanja cha mita 100 za mraba, kikipewa milimita 25 kwa juma, ambacho ndicho kipimo cha desturi cha kukiweka kijani wakati wa joto, hunywa lita 2,500, yaani ndoo kubwa 125. Mji wa Cape Town ulipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, kila mtu alikadiriwa lita 50 kwa siku, na kunywesha bustani kwa maji ya mji kukapigwa marufuku. Kwa mizani hiyo, ukoka huo mmoja humaliza katika juma riziki ya mtu ya siku 50. Na maji ya Tanga hayatoki mbali na macho yetu: yashuka kwa mto Zigi kutoka misitu ya Amani, hukingwa katika bwawa la Mabayani, na kiangazi kikirefuka, mto hupungua kwa wote. Wenzetu wa Omani, ambao falaji zao tano zilitiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, waliitengeneza mifereji hiyo iwe yenyewe ndiyo kadhi: maji hupita kwanza mahali pa kunywa, kisha pa kuogea na kutawadhia, kisha mitende, na mazao ya msimu hupata kilichosalia. Ukoka wa kutazamwa, sijui wangeuweka wapi katika zamu hiyo.

La ajabu ni kwamba ukoka wenyewe haukuomba. Ukinyimwa maji hukauka juu, lakini mashina yake yatambaayo chini ya udongo husinzia, na mvua za kwanza za masika huuamsha katika siku chache. Mtunzaji ajuaye kazi yake huunywesha kwa nadra, alfajiri, maji mengi kwa mara moja ili mizizi iyafuate chini. Wala haunyoi mpaka ngozi ya ardhi ionekane. Anyunyizaye kidogo kidogo kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, na huko juu ndiko jua linakoikuta. Asiyestahimili kaskazi, basi, ni mwenye ukoka. Alirithi nyumba ya mgeni aliyetoka nchi inyeshewayo mvua kila mwezi, na pamoja na nyumba akarithi jicho lake, hata akaionea haya rangi ya kiangazi chetu mbele ya wageni.

Kwa atakaye kijani kwa vyovyote, fikihi ya Imamu Shafii tuifuatayo pwani imeacha mlango wazi. Maji machache yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Hayamfai mwenye kutawadha, lakini mmea hauna hadathi ya kuondoa. Msikiti utawadhishao watu mara tano kwa siku huyaacha maji hayo yaende mferejini, na fundi mwenye bomba la mita chache angeyapeleka kwenye ua wa msikiti bila kumpunguzia mtu dumu. Mwenye jumba la Raskazone naye ana maji ya kuogea ya jamaa yake; ukubwa wa ukoka wake wakati wa kaskazi na ukadiriwe kwa hayo, na kiwanja kinachobaki kingoje masika.