Kivuli cha Yona na Kiti cha Saa Saba Mchana

Kisa cha Yona husomwa makanisani, na kisa cha Nabii Yunus husomwa misikitini, na katika masimulizi yote mawili kuna mmea mmoja. Katika Biblia Mungu anaotesha mtango juu ya kichwa cha Yona, aliyeketi nje ya mji na hasira zake huku jua likimchoma. Katika Kurani, sura ya As-Saffat, Yunus anatupwa kwenye ufukwe mtupu hali ni mgonjwa, na Mwenyezi Mungu anamwoteshea mmea wa jamii ya mung'unye. Wahubiri wengi hukimbilia tumbo la samaki au toba ya Ninawi, na mmea huachwa pembeni. Mimi nataka tubaki nao kidogo. Kwa nini Muumba wa mbingu na nchi ajishughulishe na joto la mwili wa mtu mmoja? Swali hili linamhusu kila anayetengeneza, anayenunua au anayegawa viti mwendo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, parokia, msikiti na halmashauri zikiwemo. Ninachodai ni kwamba kumpunguzia joto mtu aliyeketi kwenye kiti hicho si starehe ya kuongezwa baadaye ikibaki fedha. Ni sehemu ya deni lenyewe, na kiti kinachomwacha mtu aungue hakijalilipa.

Tuanze na mwili. Anayetembea akizidiwa na jua huhama. Huinuka, hujipepea, hufuata kivuli cha mwembe, huchota maji akanawa uso. Hafikirii hata kidogo kwamba amejitibu. Aliyeketi kwenye kiti mwendo, tena juu ya udongo mwekundu uliochimbwa makorongo na mvua, hufika kivulini pale tu njia inaporuhusu au mtu mwingine anapopata nafasi ya kumsukuma. Kitazame kiti chenyewe kwa karibu. Mara nyingi kikalio chake ni sponji iliyofunikwa kwa plastiki nyeusi inayoigiza ngozi. Kikisimama juani nusu saa, plastiki hiyo huwaka. Kikishakaliwa, jasho halina pa kwenda, nguo hugandana na mapaja, na mshono wa mfuko wa nyuma wa suruali hukandamiza ngozi iliyokwisha lowa. Ringi ya chuma ya kusukumia nayo hupata moto kiasi cha kumfanya mtu asukume kwa ncha za vidole. Hayo ni kwa mwenye hisia. Aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki au kwa kuanguka mtini, hasa kama jeraha liko juu kifuani au shingoni, huwa hatoki jasho la kutosha chini ya jeraha, kwa hiyo joto linalokusanyika mwilini halipati njia ya kawaida ya kutoka. Wala hasikii moto wa kiti. Joto la ngozi likipanda kwa nyuzi moja ya sentigredi, mahitaji ya tishu hupanda kwa takribani asilimia 10, na wakati huohuo uzito wa mwili umeibana mishipa inayopaswa kuzilisha tishu hizo. Unyevu hulainisha ngozi, mkandamizo huikata, na kidonda kinaweza kuanza ndani kabla hakijaonekana nje. Kidonda cha namna hiyo kikifika mfupani kinaweza kuua.

Mtu wa Ngara anaweza kusema kwamba haya ni maneno ya Dar es Salaam au Tanga, kwa kuwa huku kwetu vilima vinakaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku watu hujifunika blanketi. Ni kweli, ila joto la hewa na joto la kiti ni mambo mawili. Kwenye mwinuko jua huwa kali hata upepo ukiwa wa baridi, na hiyo plastiki nyeusi haipokei taarifa ya hali ya hewa. Tena mwili ulioshindwa kutoa joto mchana ndio huohuo unaoshindwa kulihifadhi usiku wa kiangazi cha Juni na Julai. Ubaridi wa vilima unatufundisha kutengeneza kifuniko kinachovuliwa na kuvishwa, hautupi ruhusa ya kuacha kufikiri.

Wilaya ya Ngara ina sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takribani siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa kabla mtu hajapata muda wa kuipanga. Wakati huo kuhesabu vichwa kulikuwa sahihi: maturubai mangapi, madebe mangapi ya maji, magunia mangapi. Miezi michache baadaye, upande wa pili wa Rwanda, huko Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Tathmini ya pamoja ya msaada ule ilitoka 1996, na mwaka uliofuata mashirika ya misaada pamoja na jumuiya ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wakaanzisha mradi wa Sphere ili kuweka viwango: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa. Toleo la viwango hivyo la 2011 linataja waziwazi kwamba makazi ya mkimbizi yampe hewa safi na nafuu ya joto na baridi. Hapo dunia ilikubali, kwa maandishi, kwamba aliyepoteza kila kitu bado anadaiwa hali ya hewa inayovumilika ndani ya hema lake. Sasa, kama hema la mtu anayeweza kutoka nje wakati wowote linapimwa hivyo, kiti ambacho mwenzake hashuki tangu asubuhi hadi jioni kitapimwaje kwa idadi peke yake? Bado tunasikia taarifa za makabidhiano zikitaja viti vingapi vimetolewa, na taarifa inaishia hapo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watu wema. Wanasema wapo wanaotambaa kwa mikono na magoti, tuwainue kwanza wote, habari ya joto ije baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vya kusukuma kwa mikono unakadiria kwamba mtu mmoja katika kila mia anahitaji kiti mwendo. Kwa sensa ya 2012 Ngara na Biharamulo kila moja ilikuwa na watu zaidi ya laki tatu, maana yake ni wahitaji zaidi ya elfu tatu katika kila wilaya. Mbele ya hesabu hiyo, naelewa kwa nini mtu anaona kuzungumzia kitambaa cha mto ni anasa. Na kama kweli, leo, uchaguzi ni kati ya kutambaa na kiti chenye plastiki ya moto, achukuliwe kiti. Lakini uchaguzi hauji hivyo mara nyingi. Huja mapema zaidi, siku ya kuagiza, au siku fundi wa kuchomelea anapouliza atandike nini juu ya fremu. Siku hiyo mwenye kuagiza bado ana nafasi ya kusema pamba badala ya plastiki, rangi nyeupe badala ya nyeusi. Mwongozo huohuo unaeleza kwamba kiti kinachofaa ni kile kinachokidhi haja ya mtumiaji pamoja na mazingira anamoishi, na jua ni mazingira. Kwa aliyepooza, kiti kinachomletea kidonda humrudisha kitandani kwa miezi, na hapo hata ile hesabu ya walioinuliwa huwa si ya kweli. Ujuzi nao uko nchini. Chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viti mwendo kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika.

Pingamizi la pili huvaa nguo ya ibada. Mateso hutakasa, subira ina malipo, kila mtu na abebe msalaba wake. Siyadharau maneno haya. Wapo waliopooza wenye imani inayowashinda wahubiri wao, na hakuna mwenye haki ya kuwanyang'anya maana waliyoipata katika maumivu. Ila subira ni sadaka ya anayeumia, na sadaka hutolewa na mwenyewe. Anayeweza kuondoa chanzo cha maumivu akamhubiria mwenzake avumilie, amemtolea sadaka isiyo yake. Na kisa cha Yona kinaweza kugeuzwa dhidi yangu hapa. Mungu aliyeotesha mtango ndiye aliyemtuma buu autafune kesho yake, kisha akamkemea nabii kwa kuuhurumia mmea kuliko mji mzima. Je, haionyeshi kwamba kivuli ni jambo dogo? Nadhani inaonyesha kinyume chake. Yona hakukemewa kwa kupenda kivuli. Alikemewa kwa kukitaka kwa ajili yake peke yake huku akitamani watu wengine waangamie. Mungu anaijenga hoja yake juu ya huruma ile ndogo: kama wewe ulijua uchungu wa kukosa nafuu, unajuaje kwamba wengine hawaistahili? Hoja hiyo haisimami kama nafuu yenyewe haikuwa njema. Kuhusu buu, kazi yake haikukabidhiwa kwa mwanadamu yeyote. Sisi tumekabidhiwa kupanda.

Kupanda huko kunahitaji akili zaidi ya huruma. Watu wetu wanajua tangu zamani kwamba kitanda cha kamba hulaliwa kwa raha kwenye joto kwa sababu hewa hupita chini, na fundi angeweza kushawishika kusuka kiti chote kwa kamba. Akifanya hivyo kwa asiye na hisia atamwumiza, maana kamba hulegea, mwili hudidimia katikati, na fundo moja hutosha kufungua ngozi. Kinachotakiwa ni mto ulioundwa kufuata umbo lake, wenye mifereji ya kupitisha hewa, juu yake foronya ya pamba inayofuliwa na kukauka, na nyingine ya kubadilisha. Ringi izungushiwe mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwavuli ufungwe kwenye bomba la fremu badala ya kushikwa kwa mkono unaohitajika kusukuma. Kwa asiyetoka jasho, chupa ya kunyunyizia maji shingoni na mikononi hufanya kazi ambayo jasho lingefanya, na hufaa zaidi kiangazi hewa ikiwa kavu. Hakuna hata kimoja hapo kinachomshinda fundi cherehani na fundi wa kuchomelea wa Biharamulo mjini, wakikaa pamoja na atakayekitumia kiti na kumwacha akikalie saa sita hadi saa nane kabla hakijapokelewa.

Hata hivyo mto mzuri kuliko yote hautamfaa mtu anayejinyima maji. Wengi wa watumiaji wa viti mwendo hunywa kidogo makusudi wanapokwenda ibadani, sokoni au zahanati, kwa sababu choo cha shimo kina ngazi mbili na mlango ambao kiti hakipiti, na hakuna anayetaka kubebwa kuingia chooni mbele za watu. Kwa hiyo wanakaa juani na kiu, wakati maji ndiyo kinga ya kwanza ya mwili wao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo ya umma yafikike, na nyumba za ibada zisingoje mkaguzi. Kamati ya ujenzi inayochangisha bati za paa jipya iweke kwenye bajeti hiyohiyo dari ya kuzuia moto wa bati, njia ya mteremko iliyo upande wenye kivuli, na choo kimoja chenye mlango wa sentimita 90 usio na kizingiti.