Umeme Unapokatika Usiku



Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na giza likatanda sehemu kubwa ya nchi. Mtambo mmoja mkubwa ukizimika ghafla, mzigo wake huiangukia mitambo iliyobaki, nayo hujizima ili isiungue. Ndiyo maana hitilafu iliyotokea mbali humfikia hata mama wa Singe au Bonga, hapa Babati, aliyeamka kumnyonyesha mtoto.

Mama huyo anapapasa ukuta akitafuta kiberiti. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mshumaa uliowashwa kando ya chandarua ni hatari kuliko giza lenyewe. Kibatari nacho humwagika kwa teke moja la mtoto. Kama uwezo upo, nunua taa ndogo ya sola, uianike juani mchana, na jioni uitundike mahali pamoja ambapo kila mtu nyumbani anapajua, hata bibi.

Friji usilifungue ovyo. Likikaa limefungwa, ubaridi hudumu kama saa nne. Chomoa na televisheni, maana umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vyombo.

Na umeme ukikatika msimu wa baridi, upepo unaposhuka kutoka Mlima Kwaraa, nakusihi sana: usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake inayoua haionekani wala hainuki. Ongeza blanketi, walaze watoto pamoja.