Damu safi, nyonga mbovu

Kwenye geti la ghala moja la korosho pale Nachingwea nilimkuta jamani shepadi mwenye kifua kipana, masikio wima. Nikasita. "Pita tu, mwanangu," mzee mlinzi akaniambia, "huyo kuinuka kwenyewe ni shughuli." Kweli. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikatetemeka, akakaa tena. Ana miaka mitano tu. Bosi alimnunua Dar akiwa mdogo, kwa bei ya juu, kwa sababu aliambiwa ana damu safi.

Damu safi ni nini hasa? Aina hii ya mbwa ilianza Ujerumani mwaka 1899, Max von Stephanitz alipomnunua dume aliyempa jina la Horand na kuanzisha chama cha wafugaji. Alitaka mbwa wa kazi, wa kuchunga kondoo. Ila ili watoto wafanane, wafugaji waliwapandisha ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo usafi wa damu, ukiutazama vizuri, ni undugu uliorudiwarudiwa. Na undugu ukirudiwa, kasoro zilizojificha hujitokeza.

Kasoro ya nyonga ni mojawapo: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawa kwenye tundu lake, kiungo kinasuguana na kulika. Lishe na uzito vinachangia, lakini tatizo hurithiwa pia. Dawa yake ya kwanza ni kuwapiga wazazi eksirei kabla ya kuwapandisha. Uingereza hupimwa wakishatimiza mwaka mmoja. Mtoto wa mbwa lakini huuzwa akiwa na miezi miwili hivi, anaruka kama mpira.

Muuzaji ana hoja moja ngumu: "Nisingewapandisha wale wazazi, mbwa huyu asingezaliwa kabisa. Sasa nimemdhulumu nani?" Hoja hiyo ilinisumbua njia nzima hadi Ruangwa. Ni kweli, huwezi kumwendea mbwa ambaye hajazaliwa ukamuuliza anachotaka. Lakini mtu anayejua daraja ni bovu na akawaachia watu wapite, hana haki ya kusema hakuwajua kwa majina. Kosa lilifanyika kabla wapitaji hawajafika. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuzalisha aina moja ya mbwa, Cavalier King Charles, kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya magonjwa wanayorithi. Kilichohukumiwa pale ni kule kuzalisha.

Ruangwa nilizungumza na mfugaji wa mbuzi. Yeye hubadilishana beberu na jirani, asije akampanda binti yake mwenyewe. "Wakidhoofika nakula hasara mimi," akasema. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Mwenye mbuzi anaishi na matokeo ya uamuzi wake. Muuzaji wa mbwa anapokea hela leo, halafu maumivu anayapata mbwa, na kazi ya kumuuguza anaipata mzee wa getini. Anayechagua siye anayelipa.

Sisemi turudi kwa mbwa wa kienyeji tukadhani tumemaliza. Yule anayefukuza ngedere na nguruwe pori shambani ana miguu imara kwa sababu wenye miguu mibovu walikufa mapema, na wengi wanaishi na njaa, minyoo, hata hatari ya kichaa cha mbwa. Asili nayo haina huruma. Sisi tunaweza kuwa nayo, maana tunajua kupima na tunaweza kukataa kupandisha.

Na mnunuzi ana sehemu yake. Bosi wa ghala aliuliza kuhusu damu, hakuuliza kuhusu nyonga. Angeomba kumwona mama akitembea, angeomba picha za eksirei za wazazi wote wawili, na kama hazipo angeondoka na hela yake.

Jioni, nikirudi, mzee alikuwa amepitisha gunia chini ya tumbo la yule mbwa, anamnyanyua taratibu akajisaidie. "Siyo kosa lake," akasema.

Najua. Ndiyo maana nauliza ni la nani.