Je, kupima damu kabla ya mimba ni kukosa imani?



Mama mmoja wa jumuiya yetu amekaa katika ndoa miaka saba bila mtoto. Juzi alikwenda na mume wake hospitalini kutafuta msaada. Kati ya maswali mengi, daktari aliwauliza: mmekwisha kupima kama mna AS? Mama alirudi akilia. Alituambia: "Nimeenda kutafuta mtoto, naye ananiuliza ugonjwa wa mtoto ambaye hata hayupo." Tangu siku hiyo tunajiuliza: swali lile lilikuwa la ukatili, ao lilikuwa la upendo?

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Ugonjwa ambao kwetu Kongo tunauita anemia SS, na ambao Tanzania wanauita selimundu, ni wa kurithi. Mwenye AA hana alama yake. Mwenye AS ameipokea kwa mzazi mmoja, lakini yeye ni mzima. Anaweza kulima, kuzaa na kuzeeka bila kujua. Mwenye SS ameipokea kwa baba na kwa mama pia, naye ndiye anayeumwa mifupa na kupungukiwa damu mara kwa mara. AS akioana na AA, hawazai SS. AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Tunasema kila mimba. Mmoja akizaliwa mgonjwa, si kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Hii si laana wala uchawi. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba AS humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo sababu alama hii imeenea zaidi katika nchi za joto zenye mbu wengi kuliko katika milima ya baridi. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2006 kwamba katika Afrika ya ikweta watu 10 hadi 40 katika kila 100 wanaibeba. Basi katika benchi moja la kanisa huenda yuko mmoja, ao hata zaidi.

Wengine wanasema: Hana hakupima damu, aliomba tu. Ni kweli. Lakini Hana hakuificha shida yake. Aliimwaga mbele za Mungu na kumweleza Eli. Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Mume na mke waliokubali kuchunguzwa mambo ya siri ya mwili ili wapate mtoto, wasione haya kutoa damu kidogo kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Na Bwana, katika Luka 14, alifundisha juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu si kukosa imani.

Lakini kuna hatari upande wa pili. Hapa Mibirizi tunaishi kati ya wakulima wa kahawa. Iko hata aina ya kahawa inayoitwa Mibirizi. Katika kitalu, mche dhaifu unang'olewa. Mtoto si mche wa kahawa. Kati yetu wako watoto wenye SS, wanaimba kwaya, wanasoma, wanapendwa. Kama mafundisho yetu yatawafanya wasikie kwamba ingekuwa heri wasizaliwe, tumekosa mbele za Mungu. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu ao wazazi wake. Yesu alikataa kumlaumu yeyote.

Basi kupima ni kwa ajili ya kumtunza mtoto, si kumhukumu. Wachumba ambao wote ni AS wanaweza kufikiri tena juu ya ndoa. Waliokwisha kuoana wanaweza kulea yatima, ao kuzaa wakiwa tayari: mtoto apimwe mapema, apewe penisilini na chanjo, alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha. Mtoto anayejulikana mapema ana tumaini kubwa kuliko yule anayegunduliwa siku ya kuzidiwa.

Kwa wanaotafuta mtoto tunashauri hivi. Ombeni kipimo cha himoglobini, kinachoitwa elektroforesi. Si kile cha kundi la damu A, B ao O, wala cha malaria. Kikifanywa vizuri, mara moja maishani inatosha. Aliyeongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita amwambie daktari. Nendeni wawili pamoja. Karatasi ya majibu ni yenu: wazee wa kanisa wasiidai, majirani wasiisome. Na mume asimrudishe mke kwao kwa sababu ya SS, maana haitoki upande mmoja.

Mama yule na mume wake wamesema watarudi hospitalini. Tuwaombee wapate mtoto. Tujiombee na sisi tuwe kanisa ambalo mtoto huyo, akiwa AA, AS ao SS, atapokelewa kwa furaha ile ile.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.