Mbele ya Kizingiti

Juzi usiku nilikuwa nashona kifungo cha kanzu. Nilipomaliza nikaukata uzi kwa meno, na badala ya kurudisha sindano koponi nikabaki nimeushika. Ncha mbili zilikuwa zimekuwa nne. Nikakata tena: sita. Hata ningekata mpaka alfajiri, nisingepata kipande chenye ncha moja.

Mesoni, chembe iliyo ndogo kuliko atomu, ni uzi wa namna hiyo. Ncha moja ni kwaki, ya pili ni antikwaki, na kati yao umetanda mvuto wa gluoni, chembe zinazozifunga kwaki pamoja. Zikitengana, mvuto haulegei; nishati inazidi kujaa uzini mpaka unakatika. Hapo kwaki mpya na antikwaki mpya huzaliwa, kila moja ikashika ncha iliyobaki wazi. Hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikitembea peke yake. Mesoni iliyosisimka inageuka mesoni mbili, na huko ndiko kufa kwake.

Hiyo jozi inatoka wapi? Kwenye ombwe. Mwanafizikia Micu alilipendekeza hilo mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 Le Yaouanc na wenzake kule Ufaransa wakalijengea mahesabu: jozi mpya huja na sifa zilezile za ombwe, mizunguko yake yote ikijumlishwa inatoa sifuri. Nguvu ya kuzaliwa huko imefungwa katika namba moja, gama, ambayo modeli yenyewe haiwezi kuitoa. Huchukuliwa kwenye mesoni zinazojulikana, kisha ikatumika kutabiri zisizojulikana. Kurasa kwa kurasa za mawimbi ya kwaki, na katikati yake mahali ambapo mtu hana budi kufungua viganja na kupokea.

Nimelelewa kuamini kwamba Mola huumba pasipo kitu. Sisemi ombwe la wanafizikia ndilo hilo. Ombwe lao lina sheria na sifa, nalo ni kiumbe kama mimi. Lakini tangu nilijue, naliogopa neno "tupu".

Mesoni inayonikalisha macho zaidi ni ile iliyogunduliwa mwaka 2003. Wanafizikia Stephen Godfrey na Nathan Isgur walikuwa wamechapisha mwaka 1985 modeli iliyozitabiri vizuri mesoni nyingi mno. Kwa kwaki nzito ya chami iliyofungamana na antikwaki ya strenji, katika hali moja ya msisimko, modeli ilitoa uzito wa karibu MeV 2480 (MeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hupimia uzito wa chembe). Kwa uzito huo ingevunjika mara moja kuwa mesoni mbili, D na kaoni, maana hizo mbili zinahitaji MeV 2360 hivi. Watafiti wa jaribio la BaBar, kule California, walipoiona ilikuwa na MeV 2317. Imepungukiwa na kama 40 tu. Imefika mbele ya kizingiti na haiwezi kuvuka.

Ambayo ingevuka ingetoweka papo hapo. Hii, kwa kipimo cha mesoni, inakaa muda mrefu ajabu, kisha inatokea kijilango cha pembeni kwa kuachia pioni moja, mesoni nyepesi isiyo na chaji. Na kijilango hicho kipo hasa kwa kuwa kwaki mbili nyepesi kuliko zote zimepishana uzito kidogo sana.

Modeli ile ya 1985 iliihesabu mesoni hii kana kwamba iko peke yake chumbani. Mwaka 2013, mahesabu ya kompyuta yaliyoziingiza D na kaoni tangu mwanzo yaliuona uzito ukishuka karibu na uliopimwa. Mlango usiopitika ulikuwa unaivuta iliyo ndani.

Hapo ndipo nilipouweka uzi chini. Kuna jambo niliomba kila alfajiri kwa miaka tisa, halikufunguka, nami nikayahesabu maisha yangu kana kwamba halimo. Lakini namna ninavyosema na watu, ninavyosikiliza hatua za mtu barazani, hata kukaa kwangu macho usiku ule na sindano mkononi, vyote vimeinamia upande wa mlango ule.