Idhini ya Mji

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alikuta watu wa kisiwani hawalimi nafaka. Waliletewa kutoka nje. Basi tangu zamani hizo tunaishi kwa cha kuletewa. Anayeutafutia mji huu wa Mvita asili safi, isiyoguswa na mkono wa mgeni, atachoka bure. Na anayesema kwamba kwa hiyo mji hauna chake, ni masalio tu ya Waarabu, Wareno, Wahindi na Waingereza, amekosea vilevile. Wote wawili wanauliza kitu kimetoka wapi. Mimi nauliza: kilipofika, nani aliamua kifanywe nini?

Tazama leso. Kitambaa chake kwa miaka mingi kimepigwa chapa Ulaya, India na Japani, na baadaye hapa Kenya. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, yenye leso zinazojulikana kwa “Mali ya Abdulla”, ilianza Mombasa mwaka 1887, na mwenye kampuni naye asili yake ni ng’ambo. Lakini simama Mtaa wa Biashara umwangalie mteja. Mwenye duka anamkunjulia doti, na mama anapitisha jicho juu ya maua na pindo, kisha anatua kwenye jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya leso. Analisoma polepole, midomo ikicheza. Anawaza nani atalisoma atakapopita uchochoroni: wifi, jirani, mke mwenza. Akiona halimsemei lililo moyoni, anairudisha nguo hata ikiwa nzuri vipi, na anaomba nyingine. Kiwanda kilicho mbali kinapiga chapa kile ambacho wanawake wa pwani watakubali kujifunga. Hapo mgeni ameleta, na mji umetoa idhini.

Hata kwa mambo ya vita mji huu haukukaa kungoja kutendwa. Ngome ya Yesu ilianzwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya mfalme wa Ureno, ili tutawalike. Watu wa pwani wakaomba msaada Omani. Mazingio yakaanza 1696, na mwaka 1698 Mreno akatolewa ngomeni. Omani nayo ilipogeuka bwana, Wamazrui waliotawala Mombasa walipandisha bendera ya Uingereza mwaka 1824, kwa kukubaliana na Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza, wapate kumzuia Sayyid Said, mtawala wa Omani. London ikaukataa mpango huo, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Mwaka 1837 Said akaushika mji, akisaidiwa na mfarakano wa wenyewe kwa wenyewe. Mara nyingi hesabu zetu zilituunguza. Lakini zilikuwa hesabu zetu.

Hapa sina budi kusimama, maana neno “zetu” lina deni. Nani alikuwa mji? Waliokaa barazani kupokea ujumbe wa wafalme walikuwa waungwana. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara, aliyebeba mizigo na kulima mashamba, hakuulizwa. Sheria ya kuukomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907, na ilitoka kwa mtawala mgeni. Anayetetea idhini ya mji bila kukiri hilo anatetea idhini ya wachache. Mimi naliona hilo kuwa sababu ya kuipanua idhini. Si sababu ya kuiacha.

Mambo yalibadilika kweli baada ya 1895, pwani ilipoingizwa katika himaya ya Waingereza. Reli ikaanza mwaka uliofuata. Meli kubwa zikahamia bandari ya Kilindini, na bandari ya kale ikaachiwa majahazi. Mwaka 1905 makao makuu yakapelekwa Nairobi. Wageni na bidhaa waliendelea kuja kama zamani. Kilichohama ni mahali pa kuamulia. Mfano unaoniuma zaidi ni wa mwaka 1928. Katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa aliyotungia mshairi Muyaka bin Haji, kiliwekwa kando nyumbani kwake. Sina ugomvi na Kiunguja. Ni lugha tamu, na insha hii naiandika kwa hicho sanifu. Ila mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, alifundishwa shuleni kwamba anavyosema bibi yake ni makosa, na hakuna aliyekuja kumuuliza bibi.

Ndiyo maana siwezi kuyaona maandamano ya Mombasa ya mwaka 2019 kuwa ya ajira tu. Ilitolewa amri kwamba mizigo ya bara ipakiwe kwenye reli mpya ya SGR hadi Nairobi, na madereva wa malori, wenye yadi za makontena na wauza chakula wakaona riziki inahamishwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema amri hiyo imekiuka katiba, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa. Mwaka 2022 serikali mpya ikaagiza shughuli hizo zirudishwe bandarini Mombasa. Reli yenyewe watu wanaipanda, na wengi wanaipenda. Walichokataa ni kuamuliwa.

Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, na Ngome imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Mipango ya bandari ya kale na mitaa yake haitakoma kuja, mingine yenye fedha za mbali. Nawaomba wenye mipango hiyo wawaite watu wa Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu kabla ya kutia sahihi, na wawaite pamoja na wapangaji, wachukuzi na wauza barabarani, wala wasiishie kwa wenye nyumba.